Kandambili iliyobaki njiani

"Mama! Mama we! Kiatu chako!"

Nilikuwa nimeshavuka Barabara ya 12, mfuko wa zipu na vifungo mkononi, nawahi dukani kabla mteja wa sare za shule hajafika. Aliyeniita ni kijana muuza miwa wa pale kona. Nikageuka. Kandambili yangu ya mguu wa kulia ilikuwa katikati ya barabara, imelala kifudifudi, baiskeli zinaikwepa.

Nikatazama chini. Mguu ulikuwa peku, una vumbi mpaka kwenye kifundo. Nilikuwa nimetembea hatua kama kumi na tano juu ya kokoto na sikuwa na habari.

Kijana akaniletea, akatabasamu. "Mawazo hayo, mama."

Hayakuwa mawazo. Kidole gumba, ambacho ndicho kinachoibana kandambili, kilikuwa kimeacha kazi bila kuaga.

Naanzia hapo kwa sababu kila anayesikia nimepasuliwa mgongo anadhani kilichonipeleka ni maumivu. Na naandika leo kwa sababu mwezi uliopita nilimwambia binamu yangu maneno ambayo tangu siku hiyo hayanipi usingizi.

Sekunde nne

Binamu yangu ana miaka 31, anaendesha bodaboda hapa hapa Ngamiani, Tanga. Alinitumia ujumbe wa sauti, mrefu, pikipiki zinanguruma nyuma yake. Maumivu yanaanzia kiunoni, yanapita kwenye tako, yanateremka nyuma ya paja mpaka kwenye kigimbi, kama waya wa umeme uliochunika. Kapigwa picha ya MRI, kaambiwa diski, kile kimto kilicho kati ya pingili na pingili ya mgongo. Mwisho akauliza: "Dada, wewe umepitia. Nipasuliwe au niache?"

Nilikuwa nakata kitambaa. Nikabonyeza simu kwa kidole kimoja, mkasi mkono wa pili, nikajibu: "Nenda kapasuliwe mdogo wangu. Mimi si unaniona nimepona?"

Nilikuja kuusikiliza tena ujumbe wangu baadaye. Una sekunde nne.

Siku mbili mbele mkewe akanipigia kuniuliza kama namjua mtu anayetafuta pikipiki ya kununua.

Jora

Maumivu yenyewe sitayaeleza sana. Aliyeyapata anayajua, na asiyeyapata hata nimchoree hatayaona. Mwezi wa kumi na moja, mwaka juzi, niliinamia jora la tetroni la bluu, nikalinyanyua huku najigeuza badala ya kulibingirisha, nikasikia kitu kinaachia kiunoni kama uzi uliokatika ndani ya mshono. Baada ya siku tatu kiuno kikapoa. Maumivu yakahamia mguuni, yakatandika mkeka.

Nikafanya yote yanayofanywa. Mchuaji wa Makorora alinikanda kwa mafuta ya nazi yenye tangawizi, akanieleza kwamba mshipa umepanda juu ya mwenzake. Nikapigwa chuku. Nikameza diklofenaki mpaka tumbo likagoma. Nikapiga eksirei, ikasema mifupa yangu mizima, jambo lililonifanya nionekane mwongo nyumbani, maana hakuna aliyetuambia kwamba eksirei huonyesha mfupa, diski haiioni. Nikaandikiwa gabapentini, dawa ya maumivu ya neva inayolewesha, na wiki hiyo nilishona mkono wa kushoto wa blauzi kwenye bega la kulia, nikaikunja vizuri, nikaikabidhi nikiwa nimeridhika kabisa.

(Mteja aliirudisha. Tulicheka mpaka kiuno kikanikataza.)

Kusimama niliweza. Kulala niliweza, chini, miguu juu ya ndoo iliyofunikwa kwa mto. Kukaa ndiko kulikonitoa machozi, na fundi cherehani ni mtu wa kukaa.

Lakini nikawa navumilia. Watu waliniambia yataisha yenyewe, na sasa najua hawakukosea: kwa walio wengi huisha. Tena wiki ile ya kandambili maumivu yalikuwa yamepungua kweli. Nilikuwa nimeanza kusema alhamdulillahi.

Siku ile ile nikakaa kwenye cherehani ya mguu. Mguu wa kulia unakanyaga kwa mbele, haurudi. Gurudumu linazunguka nusu, linarudi kinyume, uzi unakatika. Nikatunga uzi. Ukakatika. Nikatunga tena.

Mara ya nne nikafunika cherehani.

Mzee wa kigari

Hakuna mtu hata mmoja mtaani aliyenishauri kisu. Mama yangu alitoka Pangani kwa ajili hiyo tu. "Mwanangu, mgongo hauguswi. Ukiguswa ndiyo basi tena." Na kila aliyekuja kunijulia hali alinitajia mtu yule yule: mzee wa Mikanjuni aliyekwenda kupasuliwa mgongo Dar akarudi juu ya kigari. Alikwenda kwa miguu yake, walisema. Wengine waliongeza kwamba alikwenda akitembea vizuri kuliko mimi.

Nikamsikia mpaka nikachoka. Nikakodi bajaji, nikalala ubavu kiti cha nyuma, nikaenda kumwona.

Nilimkuta barazani anacheza bao na mjukuu wake. Nikamweleza shida yangu, na kwa aibu nikamweleza na yale yanayosemwa. Akashika kete mkononi, hakuzisambaza.

"Nani kakwambia nilikwenda kwa miguu yangu?"

Alikuwa mkwezi. Alianguka kutoka kwenye mnazi, pingili ya mgongo ikavunjika, na pale pale chini ya mnazi miguu ikawa si yake. Walimbeba kwa mlango uliong'olewa kwenye bawaba. Kisu kilikuja siku sita baadaye, kumfunga vyuma ili mgongo uweze kusimama. "Bila wale madaktari ningekuwa nimelala ndani," akasema, "huyu mtoto ananila kete kwa amani."

Miaka kumi na moja watu wanatishana kwa habari yake. Hakuna aliyewahi kwenda kumuuliza.

Sikutoka pale nimeamua. Ila niliporudi nyumbani na mama akaanza tena, nilimsikiliza kwa sikio jingine.

Kidole kwa kidole

Kutoka Tanga hadi Dar basi linakula saa sita likienda vizuri. Mpaka Segera nilikuwa nimesimama, nimeegemea kiti, kondakta ananisihi, "Mama kaa, mbele kuna trafiki." Nikipiga magoti kwenye njia ya kati napata nafuu, nikikaa naona nyota. Abiria mmoja akaniuliza kama nasali.

Daktari wa mgongo alikuwa mtu mpole, ana maswali ambayo huku nyumbani sikuwahi kuulizwa. La kwanza lilinitoa jasho: je, nina ganzi pale mwili unapokutana na tandiko la baiskeli? Aliposikia natoka Tanga akacheka, "Basi tandiko unalijua." Kisha hakucheka tena. "Ukipata ganzi sehemu hizo, au mkojo ukagoma kutoka, au ukatoka wenyewe, usisubiri kupambazuke. Njoo hospitali saa hiyo hiyo." Nimewaza mara ngapi ni wanawake wangapi tungekaa kimya na jambo hilo kwa haya.

Akanilaza, akauinua mguu ulionyooka. Kimo cha kiti tu, nikapiga kelele. Halafu akasema: "Vuta kidole gumba kije kwako. Usikubali nikishushe."

Akatumia kidole kimoja, cha shahada. Cha kushoto alisukuma, kikamgomea. Cha kulia alikizima kama swichi ya taa.

Nikakitazama kidole changu kama mtoto aliyeniaibisha mbele ya wageni.

Picha ya MRI ilionyesha kipande cha diski kimechomoka kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno, upande wa kulia, kimeukalia mzizi mmoja kati ya ile inayoungana kuwa neva kubwa kuliko zote mwilini, inayoteremka mpaka unyayoni. Ripoti ilikuwa na mambo mengi zaidi ya hilo: diski iliyokauka, nyingine iliyotokeza, kuchakaa huku na kule. Nilikuwa nimehesabu makosa manne na kuyasomea dua. Daktari akatoa kalamu, akapiga mistari juu ya matatu. Akanieleza kwamba mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za watu wasioumwa mgongo kabisa: wa miaka 20, asilimia 30 walikuwa na diski zilizotokeza, wa miaka 40, nusu yao, wa miaka 80, asilimia 84. "Hayo matatu pengine hata mimi ninayo," akasema. "Tuzungumze hili moja."

Watu 283

Nilitaka aniambie nipasuliwe. Au asiniambie. Yote mawili ningeyapokea, nilichotaka ni mtu mwingine aubebe uamuzi.

Hakuubeba.

Badala yake akanisimulia utafiti wa Uholanzi uliochapishwa 2007. Walichukua wagonjwa 283 wenye maumivu makali kama yangu, ya wiki 6 hadi 12. Nusu wakapangiwa kisu mapema, nusu wakapangiwa kusubiri kwa dawa na ushauri, na mlango wa kisu ukaachwa wazi wakizidiwa. Katika waliosubiri, asilimia 39 walizidiwa na kupasuliwa, kwa wastani baada ya wiki kumi na nane na kidogo. Waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka zaidi. Lakini mwaka ulipokwisha, makundi yote mawili yalikuwa sawa: asilimia 95 wamepona.

"Kwa hiyo nisubiri?"

"Waliokuwa hawawezi kabisa kuinua mguu hawakuingizwa kwenye utafiti ule," akasema. "Wewe kidole kinainuka, ila hakina nguvu. Uko katikati." Akaongeza kwamba kipande kilichochomoka mara nyingi mwili hukila wenyewe taratibu, hata kikubwa. Kwamba kisu ni cha mguu, si cha kiuno: kiuno kinaweza kuendelea kuuma. Maumivu ya mguuni ana matumaini makubwa yataondoka. Nguvu ya kidole anatumaini. Ganzi haahidi. Na kwamba katika kila watu mia wanaopasuliwa, kati ya watano na kumi na tano diski huwachomoka tena pale pale.

Nililala usiku nne kwa dada yangu Tandika nikigeuza maneno hayo. Na naomba niseme jambo ambalo sikumwambia daktari, wala dada, wala mama.

Kilichoamua hakikuwa utafiti. Ilikuwa ni nani anayelipa gharama ya kusubiri.

Yule Mholanzi aliyesubiri wiki kumi na nane, kama ameajiriwa, kwao sheria inamtaka mwajiri amlipe sehemu kubwa ya mshahara akiwa mgonjwa, hadi miaka miwili. Mimi nilikuwa na sare za watoto 22 ambazo nilishakula malipo yake ya awali. Nina cherehani tatu na mguu mmoja unaokanyaga. Ningekuwa na mshahara unaokuja nikiwa kitandani, nadhani ningesubiri. Kidole kile kilinitisha, ni kweli. Lakini hofu ya kidole na hofu ya madeni zilikaa mkeka mmoja, na mpaka leo siwezi kukuambia ipi ilizungumza kwa sauti zaidi.

Nikauza ovaloki. Nikawaomba wenzangu wa upatu wanipe zamu ya mtu wa mbele yangu. Wakanipa. Mwanzoni mwa mwezi wa tatu nikaenda.

Nyama ya kaa

Upasuaji wenyewe sina la kusimulia, maana sikuwepo. Nusu kaputi ilinichukua nikiwa nahesabu, nikaishia sita. Nilielezwa baadaye: unalazwa kifudifudi, wanapiga eksirei kuhakiki pingili ni ile ile, wanachana kama sentimita tatu, wanaisogeza neva kando kwa utaratibu wa kutoa yai kwenye kiota, wanakitoa kipande.

Kesho yake nilionyeshwa kichupa. Nilitegemea kitu cha kutisha. Kilikuwa kipande kidogo, cheupe, chenye nyuzinyuzi. Mimi nimezaliwa Pangani. Niliijua sura ile mara moja. Nyama ya kaa aliyechemshwa, ile ya kwenye gando.

Kitu cha ukubwa ule kilikuwa kimeninyima kukaa miezi minne.

Nilipozinduka maumivu ya mguu hayakuwepo. Nilikaa kimya nikiyasubiri, kama unavyomsubiri mgeni msumbufu aliyesema anarudi. Kidonda kiliuma, ndiyo, lakini kile ni maumivu ya kawaida, ya kukatwa. Nikalia. Nesi akadhani nimezidiwa.

Kisha nikavuta kidole gumba kije kwangu. Kikaja kidogo, kivivu vile vile.

Karatasi

Nilipewa karatasi ya maelekezo. Wiki sita: usiiname, usijipinde, usinyanyue kizito. Usikae muda mrefu. Tembea kila siku. Ukitoka kitandani, geuka mwili mzima kama gogo, teremsha miguu, jisukume kwa mkono.

Karatasi nzuri. Aliyeiandika, naapa, hajawahi kuishi kwenye nyumba yangu.

Choo chetu ni cha kuchuchumaa. Mume wangu akanunua kiti cha plastiki, akakitoboa kwa kisu cha moto, akakipanga juu ya tundu. Kiti kilikuwa na maandishi ya pongezi za harusi. Jiko letu la mkaa liko chini. Ndoo ya maji iko chini. Ufagio wetu ni wa njukuti, mfupi, unafagia ukiwa umekunjika vipande viwili. Nguo tunafua kwenye beseni, chini. Na mbuzi ya kukunia nazi! Ukimwambia daktari akutengenezee kitu cha kuua diski, atakuchorea mbuzi: unakaa kimo cha shubiri, magoti juu, mgongo umepinda, mikono miwili inasukuma. Mara ngapi nimekuna nazi mbili tatu katika ule mwezi wa kumi na moja nikilaumu jora peke yake.

Mama, yule yule wa "mgongo hauguswi", alikaa kwangu wiki saba. Alikuna nazi, alifua, alinivalisha soksi. Hakuwahi kusema nilifanya vizuri wala vibaya. Siku moja tu, akinisugua miguu, alisema, "Huu wa kulia wa baridi." Akaendelea kuusugua ule zaidi.

Kilichoniuma kuliko nilivyodhani ni swala. Wiki zote zile niliswali juu ya kiti, nikiashiria kwa kichwa. Ruhusa ipo, najua. Lakini kuwaona wengine wanasujudu na wewe umebaki juu kama mtazamaji ni jambo la peke yake.

Kutoka ya 11 kwenda ya 21

Ngamiani barabara zetu zina namba, na hilo lilinifaa kuliko dawa. Nyumba yangu iko Barabara ya 11. Nilipotolewa nyuzi na kurudi Tanga, nilianza kutembea asubuhi kabla jua halijakomaa, na mume wangu akawa anaandika kwa chaki nyuma ya mlango. Wiki ya tatu: ya 13. Wiki ya nne: ya 15. Sikuvaa kandambili, nilivaa raba za mwanangu zilizofungwa kamba.

Wiki ya tano nilifika ya 16, nikapiga chafya.

Umeme ule ule. Kiunoni, tako, paja, kigimbi, mpaka juu ya unyayo. Nikashika nguzo ya baraza ya watu nisiowajua. Mama mwenye nyumba akanitolea kiti, nikakikataa, nikabaki nimesimama natetemeka. Kichwani mwangu kulikuwa na namba moja tu: kati ya watano na kumi na tano. Nimekuwa wa hao. Ovaloki imekwenda, upatu umekwenda, na kaa amerudi.

Nilimpigia daktari nalia. Akaniuliza maswali yale yale, la tandiko kwanza. Akaniambia nijaribu kidole. Kilikuwa kama jana yake, hakikupungua nguvu. Akasema neva iliyobanwa miezi minne bado ina hasira, na makovu ya ndani yanajiunda, na mara nyingi hutokea hivi. Tupe siku kumi, kikilegea kidole njoo.

Zile siku kumi zilikuwa ngumu kuliko upasuaji. Kwenye upasuaji nilikuwa nimelala. Hapa nilikuwa macho, kila baada ya saa navuta kidole, kama mtu anayepapasa mfukoni kuona kama fedha bado zipo. Mume wangu alifuta ya 16 pale mlangoni, akaandika ya 12. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa anaandika ukweli. Nilimnunia siku mbili.

Siku ya nane umeme ukakatika. Sikufanya chochote cha kuukata. Ulikatika tu.

Wiki ya tisa nilifika Barabara ya 21, nikanunua muhogo wa kuchoma, nikarudi. Wiki ya kumi na moja, kwa ruhusa ya daktari na mtaalamu wa mazoezi, nilisujudu. Nilikaa pale chini muda mrefu. Mwanangu akaja kuchungulia kama nimekwama.

Nimepona?

Sasa ni mwaka na miezi miwili tangu kisu. Nashona. Nimefunga mota kwenye cherehani kubwa, na pedali naibonyeza kwa mguu wa kushoto. Kila nikimaliza vazi moja nasimama, nazunguka meza, wateja wameshazoea. Nazi inakunwa na mwanangu wa kiume, analalamika, anakuna. Mguuni maumivu sina. Kiuno kinauma siku za mvua na siku za madeni.

Juu ya unyayo, karibu na kidole gumba, pana kipande cha ngozi kama upana wa noti iliyokunjwa, hakisikii kitu. Kidole kina nguvu, ila si zote. Kandambili navaa zenye kamba ya nyuma, zile za watoto. Duka moja tu ndilo lenye saizi yangu.

Kwa hiyo nilipomwambia binamu "nimepona", nilisema uwongo? Hapana. Lakini lile "nenda" lilibebwa mgongoni mwa "nimepona", na hapo ndipo panaponikera. Sijui ni kisu kilichoniponya. Najua kisu kiliniwahisha. Labda kaa wangu angeliwa taratibu na mwili, nami leo ningekuwa nashona vile vile, na ovaloki yangu iko kona pale. Labda kidole kingekufa kabisa. Mimi ni mmoja, sikugawanywa nusu mbili kama wale Waholanzi, nusu moja ikasubiri ili niitazame.

Nilichompa binamu yangu kwa sekunde nne ni kidole changu, cherehani yangu na madeni yangu, nimeviita ushauri.

Visigino

Juzi Ijumaa nilimwita nyumbani. Alikuja amekaa upande juu ya pikipiki ya mwenzake. Mkewe, ambaye kwa utani humwita mke wangu, alikuwa ametangulia.

Nikamuuliza habari ya tandiko. Akaona haya, akatazama ukuta, akasema hana ganzi huko, na mkojo uko sawa. Nikamuuliza tangu lini. Wiki ya tano. Nikamwambia avue viatu atembee kwa visigino kwenye ukumbi, vidole juu. Akaenda mpaka jikoni, akarudi, uso umekunjika kwa maumivu lakini vidole vyote kumi viko hewani. Nikakisukuma kidole gumba chake kwa kidole changu cha shahada. Kilinigomea kama cha mtu aliyekasirika.

"Daktari wako alikwambia lazima?" nikauliza.

"Alisema tunaweza kusubiri kwanza. Wewe ndiye uliyesema nenda."

Mkewe alikuwa mlangoni, hakusema kitu.

Nikamwambia nalirudisha neno langu. Kwamba mimi si daktari na kidole changu cha kusukumia si kipimo. Arudi kwa yule daktari, amuulize kuhusu kusubiri kunavyokwenda, aulize lini kusubiri kunageuka hatari. Akanisikiliza. Kisha akasema jambo ambalo sikuwa na jibu lake.

"Nikisubiri, nitakula nini? Na nikipasuliwa, pikipiki nimeuza, nitakula nini?"

Tulihesabu pamoja kwenye karatasi ya kukatia mashati. Akimkodisha mwenzake pikipiki, kwa hesabu ya siku, badala ya kuiuza. Mkewe akiongeza meza ya vitumbua. Mimi niweke kitu kidogo. Hesabu haikutosha, lakini haikuwa sifuri. Alikasirika kidogo, nadhani kwa sababu alikuja akiwa na uamuzi na anaondoka bila huo.

Alivaa kandambili zake, akatoka. Nilizifuata kwa macho mpaka kona ya muuza miwa.

Jana alinitumia ujumbe wa maandishi, si wa sauti. Ametembea asubuhi, kafika Barabara ya 14. Kamwambia mteja wa pikipiki ampe muda. Hakusema kama maumivu yamepungua, nami sikumuuliza.